Namna ya Kumiliki Klabu ya Soka Marekani na Usishuke Daraja Maisha Yako Yote

Ndugu tajiri, tuanze na hela, maana bila hela mwongozo huu haukuhusu. San Diego FC, iliyocheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ya Marekani, MLS, mwaka 2025, ilitozwa ada ya kuingia ya dola milioni 500. Hicho ni kiingilio tu. Wachezaji hujawalipa, kocha hujamtafuta, na uwanja pengine huna. Toronto FC iliyoanza kucheza 2007 iliingia kwa dola milioni 10. Chini ya miaka ishirini bei imepanda mara hamsini, na matajiri bado wanapanga foleni.

Zaidi ya kiingilio kuna masharti ya shirikisho la soka la nchi hiyo. Katika ligi ya daraja la kwanza kila klabu lazima iwe na mmiliki mkuu mwenye hisa zisizopungua asilimia 35, na utajiri wake binafsi usipungue dola milioni 40. Uwanja uwe na nafasi ya watu 15,000 au zaidi. Maana yake ni kwamba madereva, walimu na wauza vyakula elfu ishirini wa mji mmoja, hata wakichanga hadi senti ya mwisho, hawawezi kuisimamisha timu yao kwenye ligi kuu wakiwa peke yao. Lazima apatikane mtu mmoja mzito wa kutangulia mbele yao. Mtu huyo ni wewe, na ndiyo maana nakuandikia.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi hupotea: hizo milioni 500 hazikununulii klabu. Zinakununulia hisa katika kampuni iitwayo Major League Soccer, pamoja na haki ya kuendesha timu moja katika mji mmoja. Kampuni ndiyo yenye timu. Kampuni ndiyo inayosaini mikataba ya wachezaji. Wewe unaitwa mwekezaji mwendeshaji. Mshambuliaji wako akipiga mabao matatu Jumamosi, mwajiri wake ni ligi, ileile iliyomwajiri beki aliyekuwa akimvuta jezi dakika zote tisini. Na ukimfunga jirani yako mabao matano, kumbuka kuwa una hisa katika timu yake, naye ana hisa katika yako. Kwa hiyo mpe mkono kwa heshima.

Wachezaji waliuona mfumo huu mapema. Mwaka 1997 walikwenda mahakamani wakidai kwamba klabu zisiposhindana kuwasajili, wao hawana soko la kuuzia kipaji chao. Mwaka 2000 wakashindwa. Wakakata rufaa, na 2002 wakashindwa tena. Kwa upande wako, tajiri, hiyo ni habari njema: mchezaji hawezi kukugombanisha na mwenzako hadi bei yake ipande mara tatu. Kwa upande wa kijana mwenye miaka kumi tu ya kula kwa miguu yake, ni habari mbaya, na mimi niko upande wa kijana.

Lakini nisiwanyime haki waliobuni mfumo huu, kwa sababu hawakuubuni kwa uroho peke yake. Waliogopa kaburi, tena walikuwa wameliona. Ligi iliyowatangulia, NASL, ilianza 1968. Mwaka 1975 New York Cosmos, iliyomilikiwa na kampuni ya Warner, ikamleta Pelé, na kila mwenye timu akataka Pelé wake. Ilipofika 1978 ligi ilikuwa na timu 24, nyingi zikiishi kwa mikopo na matumaini. Baada ya msimu wa 1984 ligi ikafa. Marekani ilipopewa Kombe la Dunia la 1994, iliahidi kuanzisha ligi mpya ya daraja la kwanza, na wanasheria walioiandika wakahakikisha hakuna Cosmos mwingine atakayewaburuza wenzake hadi shimoni. Tarehe 6 Aprili 1996, mjini San Jose, Eric Wynalda akafunga bao la kwanza la MLS dakika mbili kabla ya mechi kwisha, na ligi ikaepuka aibu ya kuanza na dakika tisini bila bao.

Hasara ziliendelea kuwatafuna. Mwanzoni mwa 2002 timu mbili za Florida, Tampa Bay Mutiny na Miami Fusion, zikafutwa. Zikabaki kumi, na kumi hizo zilikuwa mikononi mwa watu watatu: Philip Anschutz, Lamar Hunt na Robert Kraft. Kuna wakati Anschutz peke yake alikuwa na timu sita. Mtu mmoja, timu sita, ligi moja. Kwingineko duniani marefa wangegoma. Hata hivyo wazee wale watatu walitoa hela zao mifukoni wakati ambapo kila mhasibu aliwaambia wafunge duka. Hunt alikuwa ameshaijengea Columbus uwanja wa kwanza mkubwa wa soka tupu katika enzi ya MLS, uliofunguliwa 1999, wakati wenzake walikuwa wakicheza kwenye viwanja vya mpira wa Kimarekani vyenye viti elfu sabini na mistari ya mchezo mwingine chini ya miguu yao. Bila wao nisingekuwa na ligi ya kuilalamikia.

Ila liangalie jambo moja kwa makini, maana ndilo kiini cha mwongozo wote. Miami Fusion iliyofutwa ndiyo iliyomaliza msimu wa kawaida wa 2001 ikiwa juu ya timu zote. Vijana wale walishinda, wakaongoza msimamo, na miezi michache baadaye wakaambiwa timu yao haipo tena. Hakuna goli ambalo wangeweza kufunga likawaokoa. Uamuzi ulifanyika katika chumba ambacho mpira hauruhusiwi kuingia.

Ukishalielewa hilo, somo la kufungwa ni jepesi. Fungwa. Fungwa nyumbani, fungwa ugenini, shika mkia. Mwakani utakuwa ligi ileile, utagawana mapato yaleyale ya televisheni, na katika zoezi la kuchagua wachezaji kutoka vyuo vikuu utapewa nafasi ya mbele kwa sababu ulikuwa wa nyuma. Apple ilipotangaza Juni 2022 kwamba itaonyesha mechi za MLS kwa miaka kumi, kwa mkataba uliotajwa kuwa wa dola bilioni 2.5, hakuna aliyeuliza nani ameshika mkia. Msomaji aliyezoea kuona jasho la mechi za mwisho wa msimu, timu ya tatu kutoka chini ikipigania roho yake huku redio zikisikilizwa uwanja mzima, atashangaa jinsi mwezi wa mwisho wa timu dhaifu ya Marekani ulivyo mtulivu. Utulivu huo ndio unaoulipia milioni 500.

Na anayeulipia kwa upande wa pili ni Sacramento.

Sacramento Republic ilianza kucheza 2014 katika ligi ya chini na ikatwaa ubingwa msimu uleule. Uwanja ulijaa. Mji ulitaka ligi kuu, na Oktoba 2019 MLS ikatangaza kuwa imewapa nafasi. Mashabiki wakaimba barabarani. Februari 2021 bilionea aliyekuwa mbele ya mradi, Ron Burkle, akajitoa, na nafasi ikayeyuka. Timu haikuwa imefungwa na mtu. Mashabiki hawakuwa wamepungua. Tajiri mmoja alipiga mahesabu yake upya, basi.

Mwaka uliofuata, 2022, timu hiyohiyo iliingia kwenye US Open Cup, kombe lililoanza 1914 ambamo timu ndogo huruhusiwa kukutana na kubwa. Ikaitoa San Jose Earthquakes ya MLS. Ikaitoa LA Galaxy ya MLS, kwao Galaxy. Nusu fainali, nyumbani, ikakutana na Sporting Kansas City, nayo ya MLS, na dakika 120 zikaisha bila bao. Kipa Danny Vitiello akaokoa mkwaju wa Graham Zusi, beki aliyewahi kucheza Kombe la Dunia. Rodrigo López akafunga wa mwisho na mashabiki wakamwagika uwanjani. Fainali walifungwa 3–0 na Orlando City, na kesho yake wakarudi daraja lao la pili. Timu tatu za ligi kuu walizozitoa zikaendelea kuwa za ligi kuu. Mimi sijui hoja ya uwanjani inayoweza kushinda hiyo. Ninazijua za kibiashara, nimezisikia zote: kwamba hakuna atakayelipa mamilioni kwa nafasi anayoweza kuipoteza, na kwamba viwanja havikopesheki kwa timu inayoweza kushuka. Ni hoja za kweli. Lakini ni hoja za mwenye nyumba, na mpira una wapangaji wengi.

Turudi kwenye usajili, kwa sababu hapo utahitaji mhasibu mwenye moyo. Mwaka 2024 bajeti ya mishahara ya kikosi ilikuwa dola milioni 5.47 kwa kila timu. Mwaka huohuo mapato ya Lionel Messi pale Inter Miami, kwa orodha ya chama cha wachezaji, yalizidi dola milioni 20. Usishtuke. Kuna kanuni iliyotungwa 2007 kwa ajili ya David Beckham alipokwenda LA Galaxy: timu inaweza kuwa na wachezaji wachache maalumu, sasa hadi watatu, ambao mishahara yao inaingia kwenye hesabu ya bajeti kwa kiwango cha juu tu, yaani dola 683,750 mwaka ule wa 2024, na kinachozidi kinatoka mfukoni kwa mmiliki. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo utakuwa na mtu wa milioni 20, na kando yake kijana anayepanga chumba na mwenzake ili kodi iwatoshe, na wote wawili wanatakiwa wapeane pasi.

Juu ya hapo kuna fedha za ligi za kugawia timu, za aina mbili, za kupunguzia mzigo wa mishahara kwenye hesabu. Baadhi yake huuzwa na kununuliwa kati ya timu kama wachezaji wenyewe. Kuna pia orodha ya ugunduzi: timu inaandika majina ya wachezaji inaowataka duniani, na timu nyingine ikimtaka mmoja wao inaweza kuzuiwa hadi ilipe dola 50,000 za hizo fedha za mgao. Mchezaji mwenyewe anaweza kuwa Ujerumani akinywa kahawa yake, hajui kama ameshagunduliwa na mtu asiyewahi kumpigia simu.

Kisa cha kukumbuka ni cha Jermaine Jones. Agosti 2014 kiungo huyu, ambaye miezi miwili kabla aliichezea Marekani Kombe la Dunia nchini Brazil, alikuwa anahamia MLS. Chicago Fire walimtaka. New England Revolution walimtaka. Kwingine hapo ndipo mnada unapoanza, au mchezaji anachagua. MLS ikapiga droo. Jina likatoka New England, na mtu mzima wa miaka 32, mwenye mke na watoto, akajua kwa bahati nasibu ataishi mji gani. Msimu ule New England wakafika fainali. Chicago wakabaki wakiulizana droo ilichezeshwa vipi.

Kama unafikiri unaweza kuwa mjanja kuliko kanuni, waulize Inter Miami. Beckham alipata timu hiyo kwa haki iliyokuwa kwenye mkataba wake wa uchezaji, ya kununua nafasi kwa dola milioni 25 tu. Mkataba bora kuliko bao lolote alilowahi kufunga. Timu ikaanza kucheza 2020, na msimu huohuo ikawa na Blaise Matuidi, bingwa wa dunia wa 2018, akiwa hajahesabiwa kama mchezaji maalumu. Ligi ikachunguza, ikakuta alipaswa kuhesabiwa. Mwaka 2021 ikaitoza klabu faini ya dola milioni 2, ikamtoza mmiliki Jorge Mas dola 250,000 zake binafsi, na ikakata zaidi ya dola milioni 2.2 kwenye mgao wao wa misimu iliyofuata. Miaka miwili baadaye timu hiyohiyo ikamleta Messi kihalali kabisa. Kanuni haikukatazi kutumia hela. Inakukataza kuzitumia bila kuiambia.

Sasa tufike Columbus, ambako nataka ukae kidogo.

Columbus Crew ni miongoni mwa timu kumi zilizoanza 1996. Mwaka 2013 familia ya Hunt ilimuuzia Anthony Precourt, mwekezaji kutoka California. Oktoba 2017 Precourt akatangaza kwamba bila uwanja mpya katikati ya mji, ataihamishia timu Austin, Texas. Baadaye ikajulikana kwamba mkataba wake wa kununua timu ulikuwa na kifungu kinachoitaja Austin tangu mwanzo. Mashabiki waliokuwa wakinunua tiketi za msimu miaka yote minne walikuwa wakimlipa mtu aliyekwisha kufungasha nusu ya mizigo. Ligi, mwenye mali halisi, haikumzuia. Tena ilikuwa imeshafanya hivyo kabla: baada ya msimu wa 2005 wachezaji wa San Jose Earthquakes walipelekwa Houston, na timu ikatwaa ubingwa 2006 na 2007 mbele ya watu ambao hawakuwa wameilea.

Watu wa Columbus walikataa. Walianzisha harakati ya kuiokoa Crew, wakapanda mabango ya njano na nyeusi kwenye nyua za nyumba zao, wakapita duka kwa duka kutafuta wafanyabiashara wa kuahidi kununua tiketi. Kisha wakakumbuka sheria. Jimbo la Ohio liliwahi kuumia: katikati ya miaka ya 1990 Art Modell aliihamisha Cleveland Browns ya mpira wa Kimarekani kwenda Baltimore, na 1996 bunge la jimbo likatunga sheria kwamba mmiliki anayetumia uwanja uliosaidiwa na hela za kodi hawezi kuhamisha timu bila kutoa taarifa miezi sita kabla na kuwapa watu wa eneo hilo nafasi ya kuinunua. Machi 2018 jimbo na jiji wakamshtaki Precourt na ligi kwa sheria hiyo.

Wanunuzi wakapatikana. Familia ya Haslam, wenye Cleveland Browns mpya, wakaungana na familia ya Edwards. Na huyu Pete Edwards ninamtaja kwa furaha, maana alikuwa daktari wa timu. Kwa miaka mingi alikuwa akikimbia uwanjani na mkoba wake kuangalia magoti na vifundo vya miguu vya wachezaji wa Crew. Mwanzoni mwa 2019 akawa miongoni mwa wamiliki. Desemba 2020, kwenye uwanja uleule wa Hunt, Crew wakaifunga Seattle 3–0 na kuwa mabingwa. Wakarudia 2023. Kama Precourt angefanikiwa, vikombe hivyo visingekuwepo mjini humo.

Precourt naye hakupoteza kitu. Alibaki na hisa zake ligini, na 2021 Austin FC ikaanza kucheza chini yake. Huo ndio uzuri wa kununua hisa za kampuni badala ya klabu: hata ukikosana na mji mzima, kiti chako mezani kinabaki. Nasema ni uzuri kwako. Kwa mpira ni dosari kubwa, na haitarekebishika mpaka miji ipewe sauti kabla ya kwenda mahakamani.

Inawezekana kupewa. Detroit City FC ilianzishwa 2012 na marafiki watano. Mwaka 2016, walipotaka kukarabati uwanja wa zamani wa Keyworth ulioko Hamtramck, mashabiki waliwakopesha dola 741,250. Mwaka 2020 klabu ikauza asilimia 10 ya hisa zake kwa umma, na zaidi ya dola milioni 1 zikaingia kutoka kwa watu wa kawaida. Haichezi MLS, inacheza ligi ya USL, ambayo Machi 2025 wamiliki wake walipiga kura kukubali kupanda na kushuka daraja, kwa mpango wa kuanza 2028. Ni ligi ya kwanza ya kulipwa Marekani kuthubutu hivyo. Nawaombea wasirudi nyuma mwenye hela wa kwanza atakaposhuka.

Na vipaji viko nje ya mlango, tajiri, usidanganywe. Bernard Kamungo alizaliwa Kasulu, Kigoma, katika familia ya wakimbizi wa Kongo, akakulia kambini, na 2016 akahamia Abilene, Texas, akiwa na Kiswahili chake na mpira wake. Hakuna ngazi ya klabu iliyomshika mkono kutoka mtaani hadi juu. Alifika kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, ambayo bado ni ya familia ya Hunt, akaonekana, na Agosti 2023 akaifungia FC Dallas bao dhidi ya Inter Miami ya Messi. Angelala siku ya majaribio, pengine tusingemjua.

Kwa hiyo haya ndiyo masharti yangu kabla hujasaini hundi. Andika kwenye mkataba wako kwamba timu haitaondoka mjini bila watu wa mji kupewa nafasi ya kwanza ya kuinunua, hata kama jimbo lako halina sheria ya Ohio. Uza sehemu ya kumi kwa mashabiki, kama Detroit. Na siku ligi itakapopiga kura kama mlango wa Sacramento ufunguliwe kwa mabao badala ya bilionea, nyanyua mkono wa ndiyo, ukijua wazi kwamba anayeweza kushuka ni wewe. Ukikubali hayo matatu, nunua, nami nitakata tiketi. Usipokubali, tafadhali zipeleke hizo milioni 500 kwenye biashara nyingine.